Duara la bluu na jicho la shemeji

Wiki iliyopita niliahidi kwamba leo tungechambua jinzi za mtumba, jinsi ya kuijua orijino na jinsi ya kuikwepa feki. Naomba radhi. Jinzi zitasubiri. Nimerudi juzi kutoka Katoro na kuna jambo limenikaa kooni, nisipolitema leo nitapasuka.

Kwa wale ambao ramani yao ya Bongo inaishia Kibaha: Katoro iko mkoani Geita, mkoa uliozaliwa mwaka 2012. Ukitoka Geita mjini kwa barabara ya lami ya kuelekea Chato, unafika mahali maduka yanaanza na hayaishi. Hapo ndipo. Ukisogea kidogo unaambiwa sasa uko Buseresere, wilaya nyingine kabisa, na wewe hata mpaka hukuuona. Wanaiita mji mdogo lakini huo udogo mimi sijauona. Hela ya dhahabu inatoka Rwamgasa, Nyarugusu na machimbo mengine ya jirani, inakuja kulala Katoro. Usiku ni muziki na mishikaki, mchana ni kelele za grenda. Kila baada ya nyumba chache unakuta karakana: mageti, madirisha ya grili, vitanda vya chuma, na yale makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Vijana kibao, cheche kibao.

Dada yangu mkubwa kaolewa huko. Mumewe ni fundi wa kuchomelea, na kwa upande wa pamba hakuna mwanaume wa mjini anayemfikia. Jumapili akitoka na shati lake jeupe, hata mimi shemeji yake nageuka. Sitamtaja jina. Nitamwita shemeji, inatosha.

Mwaka 2018 shemeji alikuwa ameajiriwa kwenye karakana ya mtu. Karakana nayo sitaitaja. Mwanzoni mwa mwaka ule ukutani kiliwekwa kibao kipya cha plastiki, kinang'aa. Duara la bluu, ndani yake kichwa cheupe cha mtu kimevaa miwani, chini maneno ya Kizungu. Mafundi wakakishangaa siku mbili, ya tatu wakakizoea. Mmoja wao aliapa kabisa kuwa lile ni tangazo la duka la miwani.

Miezi minne baadaye shemeji alikuwa anakata bomba la chuma kwa grenda. Diski ikapasuka. Kipande kikaingia jicho la kushoto.

Ngoja niwape hesabu, maana mimi nilikuwa siijui na nadhani wengi hamuijui. Grenda ndogo ya mkononi, ile ya diski ya milimita 115, nyingi zinazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Ukingo wa diski hapo unakwenda kasi ya karibu kilomita 240 kwa saa. Basi la abiria limekatazwa kuvuka 80. Sasa mafundi wetu kwa ujanja wanafungua lile kava la chuma linalozunguka diski, ili iingie diski kubwa inayokata haraka. Diski ya milimita 180 kwa kawaida imeandikwa isizidi mizunguko 8,500 hivi kwa dakika. Ukiifunga kwenye grenda ndogo ya 11,000, ukingo unafika kilomita 370 kwa saa, na diski haikutengenezwa kwa mwendo huo. Inapasuka, na kava la kuzuia vipande liko chini ya meza, limeshika kutu. Grenda ya siku ile ilikuwa hivyo hivyo. Ilikuwa hivyo hata kabla shemeji hajaajiriwa.

Pale pale ikaanza kasheshe nyingine. Mshikaji wake mmoja akatoa njiti ya kibiriti, eti akivute kile kipande. Mwingine akasema atafutwe mama anayenyonyesha, akamulie maziwa. Ashukuriwe mama ntilie wa pale nje, mtu mzima, aliyewafokea wote kama watoto wake: "Acheni! Mfunikeni, mpelekeni!" Mama wa watu hakuwahi kukanyaga chuo lakini ndiye aliyekuwa sahihi. Kitu kikishachoma jicho hakivutwi, na jicho halisuguliwi. Unalifunika kwa kitu kigumu kisicholigusa, kikombe kisafi kwa mfano, halafu unakimbia hospitali. Kuosha kwa maji mengi ni pale ilipoingia kemikali, kama maji ya betri, na hapo unaosha muda mrefu kabla hata hujaita gari.

Kutoka kituo cha afya wakaandikiwa Mwanza. Enzi hizo daraja la Kigongo na Busisi lilikuwa bado, maana limefunguliwa Juni 2025. Basi wakakaa Busisi kusubiri kivuko, dada kamshika mumewe kichwa mapajani, wachuuzi wanapita wanamuuliza kama anataka mahindi ya kuchoma. Dada mpaka leo akinusa mahindi ya kuchoma anahama upande. Jicho halikurudi.

Mimi nilifika Katoro wiki mbili baadaye, nikaenda moja kwa moja kwa bosi wake. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nikakuta mzee mstaarabu, kanikaribisha kiti, kaagiza soda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Pole sana kwa ya shemeji yako."

"Ahsante. Mzee, samahani, hivi miwani ya kazi ilikuwepo?"

"Ipo! Jozi sita, mpya. Ziko ofisini."

"Ofisini?"

"Nimezifungia. Hawa vijana ukiwaachia watazinywea bia. Wakija wakaguzi natoa, wakiondoka narudisha. Halafu mwanangu, wewe si mtu wa magazeti? Kibao si unakiona pale? Kimesema avae. Yeye hakuvaa. Sasa mimi nifanyeje?"

Kibao kimesema. Nilirudi na maneno hayo mawili mpaka Dar, na kila nikikumbuka damu inachemka. Mzee hakuwa anatania wala hakuwa mwizi. Alikuwa anaamini kabisa kwamba siku alipogongomea ule msumari, kazi yake iliishia pale.

Sasa tuongee kuhusu hii bluu. Hizi alama za kazini zina lugha yake, imeandikwa kwenye kiwango cha kimataifa kinachoitwa ISO 7010, na ukishaijua hata bila kusoma utaelewa. Duara jekundu lililokatwa mstari ni marufuku. Pembetatu ya njano inakuonya, kuna kitu hapa, shauri yako. Kijani inakuonyesha pa kukimbilia au sanduku la huduma ya kwanza lilipo. Duara la bluu lenye mchoro mweupe halikuonyi wala halikukatazi. Linakuamuru. Vaa miwani. Vaa buti. Ziba masikio. Funga mkanda. Nawa mikono. Na bluu yenyewe lazima ichukue angalau nusu ya kibao, ili hata ukiwa mbali uone rangi kabla ya mchoro.

Usiseme ni mambo ya wazungu hayatuhusu, bluu hiyo tumeishi nayo miaka. Ule mzunguko wa barabarani sisi Watanzania tunauitaje? Kipilefti! Jina lilitoka kwenye kibao cha bluu chenye mshale mweupe, kilichoandikwa kwa Kizungu kwamba shika kushoto. Dereva akakisoma, konda akakitangaza, abiria akashukia hapo, na sasa ni Kiswahili safi. Kibao cha amri kimetuzalia neno. Lakini angalia: pale kwenye kipilefti kibao hakijasimama peke yake jangwani. Kuna barabara iliyojengwa ikapinda kushoto. Hata ukiwa hujui kusoma, tairi lenyewe litakwenda kushoto.

Na mnakumbuka 2020, ile miezi ya korona? Kila mlango ulikuwa na kibao cha kunawa mikono na chini yake ndoo ya koki na sabuni. Watu tulinawa, tena mpaka ngozi ikachubuka. Baadaye ndoo zikapasuka koki, sabuni zikaisha, vibao vikabaki. Vingine viko mpaka leo. Ni nani kati yenu alisimama mbele ya kibao kisicho na ndoo akanawa?

Ndiyo maana nasema mzee wa shemeji alikuwa amekosea. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, imeanza na mwajiri. Yeye ndiye wa kusajili sehemu yake ya kazi OSHA, yeye wa kuhakikisha mashine ina kava, yeye wa kuwapa watu wake vifaa vya kujikinga, na si kuviweka kabatini kama sahani za wageni. Mfanyakazi naye ana zamu yake: ukipewa, tumia, na ukiona hatari, sema. Hata wenzetu wa Ulaya, agizo lao la mwaka 1992 kuhusu alama hizi linasema kibao kinawekwa pale ambapo hatari haikuweza kuondolewa au kupunguzwa vya kutosha kwa njia nyingine. Maana yake kwanza rudisha kava la grenda. Halafu nunua diski ya saizi yake. Halafu gawa miwani. Ukimaliza yote hayo, ndiyo chukua nyundo na msumari.

Na kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ndiyo iliyotuletea mfuko wa WCF ulioanza kazi mwaka 2015. Mchango wake anatoa mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wako hata senti. Shemeji alikuwa hazijui hizo herufi, na mimi niliyejidai msomi wa familia nilikuwa sizijui pia. Alipewa shilingi laki tatu na gunia la mchele, akasaini karatasi, akarudi nyumbani. Dada yangu aliupika ule mchele siku ya kwanza, wakaushindwa wote. Ukagawiwa majirani.

Lakini nasi vijana tusijifanye watakatifu. Kule Katoro nilipita karakana saba kwa siku moja, nikahesabu mafundi wanaochomelea wakiwa wamevaa miwani ya jua. Ya jua, jamani! Ile ya kuendea ufukweni! Nikamuuliza mmoja, kijana mzuri tu, kwa nini havai kinyago. Kanijibu, "Sista, kinyago kinaniharibia nywele, halafu nitaonekana mwoga." Nikamwangalia viatu. Raba za mtumba, kasema kazinunua elfu thelathini na tano. Miwani ya plastiki ya kukingia vipande, duka la pili kutoka hapo, nilishaiulizia: elfu tano.

Mchizi wangu, mwanga wa kuchomelea una miale usiyoiona, na miwani ya jua ya elfu tatu haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Kioo cha kinyago kina namba yake, na kwa kuchomelea kwa umeme watu kwa kawaida wanatumia 10 kwenda juu. Ukijidai na vioo vya bichi, mchana utajiona bingwa. Usiku saa nane macho yanaanza kuwaka kama umemwagiwa mchanga, unalia peke yako kitandani huku umejibandika vipande vya viazi. Mara nyingi yanapoa siku ya pili, na hapo ndipo unapodanganyika kwamba hamna noma.

Halafu kuna hizi reflekta. Bodaboda kavaa, sawa, ni kazi yake. Lakini nimekuta wanaume wamevaa reflekta baa, usiku, wanacheza muziki. Nikaambiwa ndiyo staili, inaonyesha kwamba una kazi mgodini na mshiko upo. Kimwana akiona mistari ile inang'aa anajua leo chipsi kuku. Yaani kifaa cha usalama kimekuwa pamba, na kazini ndiko kinakovuliwa!

Nikiwa huko nilitaka pia nione machimboni. Wachimbaji shimo la dhahabu wanaliita duara, kwa hiyo kule ukisema duara la bluu wanakuuliza liko kijiji gani. Nilikuta bati limeandikwa kwa mkono kwamba kila mtu avae kofia ngumu. Poa, kofia ivaliwe, jiwe dogo likidondoka mita ishirini si dogo tena. Ila mwaka 2017, mwezi wa kwanza, watu 15 walifukiwa kwenye mgodi mmoja Nyarugusu, wakatolewa wazima baada ya siku kadhaa chini, nchi nzima ikashangilia. Hakuna kofia inayobeba mlima. Huko chini kinachokuweka hai kwanza ni matimba, ile miti ya kushikiza kuta, na mtu mwenye ujasiri wa kusema leo hatushuki. Kofia inafuata.

Na zebaki. Nimewaona akina mama wanachanganya zebaki na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu, kisha inachomwa motoni, mtoto yuko mgongoni. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 ili tuipunguze na ikiwezekana tuache. Mama mmoja aliniambia, "Mimi najikinga, navaa barakoa." Akanionyesha, ile ya kitambaa iliyobaki tangu korona. Mayu, mvuke wa zebaki haujui kama kitambaa kipo. Unapita. Kwenye habari hii ya zebaki nitarudi siku nyingine kwa urefu, maana inahitaji gazeti zima.

Turudi kwa shemeji. Tangu 2022 ana karakana yake mwenyewe, vijana wanne. Grili zake zimenyooka kuliko za wenye macho mawili, na akikusikia unasema hivyo anacheka. Safari hii aliniomba nimtafutie mchoraji wa kibao, anataka duara la bluu lakini la Kiswahili. Nikampata kijana anayechora mabango ya saluni pale mjini. Kwanza alitaka kutumia kijani, eti bluu imemwishia. Shemeji akakataa katakata, "Kijani ni ya kukimbilia, mimi nataka ya amri." Bluu ikatafutwa. Dogo akachora siku nzima, ulimi nje, na alipomaliza tukasimama wote kimya. Alikuwa amechora bundi. Wallahi bundi mtupu, macho mawili makubwa na mdomo. Chini kaandika vizuri kabisa: VAA MIWANI.

Mama mmoja aliyekuja kuchukua geti lake aligoma kuingia ndani, uchuro gani huu asubuhi yote. Dada akasema kipakwe rangi upya. Shemeji akakizunguka, akainamisha kichwa kidogo upande wa kulia kama anavyofanya siku hizi akitaka kuona vizuri, akasema, "Kibaki. Bora wakiogope."

Chini ya bundi kuna misumari minne, na kwenye kila msumari jozi moja ya miwani yenye jina la kijana wake. Misumari aliipiga yeye mwenyewe kabla hata mchoraji hajaja. Asubuhi niliyokuwa naaga, msumari wa tatu ulikuwa mtupu. Mwenye miwani yake alikuwa kavuka barabara kununua chapati, kaipandisha kwenye paji la uso kama msanii, anaongea na binti wa chapati na hana haraka. Wenzake watatu wamekaa juu ya mabomba wanamsubiri, geti la mteja liko nusu. Shemeji alikuwa amesimama kwenye swichi kubwa ya umeme, mkono juu yake, ameizima.

Nikamwambia, "Shemeji, mimi naenda, basi litaniacha."

"Nenda salama shemeji," akanijibu bila kugeuka. "Mimi namsubiri huyu."

Jinzi wiki ijayo.